Mwenye Fedha Chache Achague Ubao Kabla ya Kichakataji

Zamani, aliyetaka kupima akili za vijana wa mji alikwenda barazani alasiri akatazama bao. Asiyeona mbele mitaji miwili mitatu alifungwa, na watazamaji wakamcheka. Bao lingaliko, lakini vijana wengi wa Mombasa, Malindi na Lamu sasa wana michezo mingine, nayo huchezwa kwenye kompyuta, ile ambayo walimu wetu huiita tarakilishi. Wenye hamu zaidi hawanunui mashine iliyokwisha kuundwa. Huiunda wenyewe, kipande kwa kipande, kama mwashi akusanyaye mawe na chokaa kabla ya kuanza kujenga.

Kazi hii ni ya ufundi, na fedha yake ni ya jasho: ya kibarua cha likizo, ya mshahara wa kwanza, au aliyotumiwa na mjomba aliyeko Ghuba. Kijana akikosea kununua kipande cha msingi, hasara haiishii kwenye kipande hicho. Hubeba na vingine viwili. Basi inafaa tuitazame hesabu hii kwa makini, wazazi na vijana pamoja.

KUOA UKOO

Kichwa cha kompyuta huitwa kichakataji. Watu waliokaa karibu na mashamba ya mkonge hawahitaji kufasiriwa neno hilo. Mkonge huchakatwa, zikatoka nyuzi. Na kwa sadfa, kichakataji cha kompyuta nacho huhesabiwa kwa viini na nyuzi: chenye viini sita na nyuzi kumi na mbili chatosha michezo iliyo mingi.

Kichakataji hakikai peke yake. Hukaa kwenye ubao mama, ndani ya kitako kiitwacho soketi, na ubao huo ndio uamuao ni kumbukumbu ya aina gani itakayoingia. Kumbukumbu za DDR4 na za DDR5 hazibadilishani. Hata pengo lililokatwa ukingoni halikai mahali pamoja. Kwa hiyo anayechagua kichakataji ni kama anayeoa: hakuoa mtu mmoja, ameoa ukoo mzima.

Hapa ndipo wengi wateleapo. Huuliza, "Kichakataji gani kina kasi?" Swali la mwenye fedha chache ni jingine: "Soketi hii ina umri gani uliosalia?" Maana soketi nazo huzaliwa na kufa. Yenye maisha marefu hukuwezesha, baada ya miaka mitatu, kutoa kichakataji kimoja ukatia kingine na kuuacha ubao na kumbukumbu pale pale. Iliyokufa hukulazimisha kubomoa mpaka msingi.

KOO TATU

Ukoo wa kwanza ni AM4 wa kampuni ya AMD, uliotoka mwaka 2016. Vichakataji vya Ryzen viliingia humo mwaka 2017, na hata mwaka 2024 vipya vilikuwa vingali vikitolewa. Aliyenunua ubao mwaka 2017 aliweza, baada ya AMD kutoa ruhusa mwaka 2022, kutia humo kichakataji cha mwaka huo huo wa 2022, maadamu kampuni iliyounda ubao ilikuwa imetoa bayosi mpya, yaani ile programu ya msingi iliyo ndani ya ubao. Ni nadra soketi kuishi hivyo. Kwa mnunuzi wa leo, hata hivyo, AM4 ni mzee. Hutumia DDR4, na kupanda kwake kuna mwisho. Kinachofaa zaidi humo kwa mfuko mdogo ni Ryzen 5 5600, ya viini sita. Anayetaka kupanda juu zaidi baadaye hutafuta Ryzen 7 5800X3D, ambayo ina hifadhi ya ndani ya megabaiti 96 ilhali ile 5600 ina 32, na michezo huipenda sana hifadhi hiyo.

Ukoo wa pili ni LGA1700 wa Intel, uliotoka Novemba 2021. Huu una ubao wa DDR4 na ubao wa DDR5, chaguo ni lako, lakini ukishachagua umefunga. Core i5-12400F ina viini sita kama mwenzake wa AM4, na Core i3-12100F ina vinne kwa mfuko ulio mdogo zaidi. Herufi F mwishoni maana yake hakina uwezo wa kutoa picha chenyewe. Bila kadi ya picha, skrini itabaki nyeusi. Soketi hii ilichukua vizazi vya 12, 13 na 14, kisha Oktoba 2024 Intel ikahamia LGA1851. Na mwaka 2024 Intel yenyewe ilikiri kwamba baadhi ya vichakataji vya kizazi cha 13 na cha 14 vilipewa umeme kupita kiasi vikaharibika. Ikatoa bayosi ya kutibu na kuongeza miaka miwili ya dhamana. Kizazi cha 12 hakikukumbwa na balaa hilo. Anayenunua cha 13 au cha 14 kilichotumika aulize kwanza kama bayosi hiyo ilitiwa, na ilitiwa lini.

Ukoo wa tatu ni AM5 wa AMD, uliotoka Septemba 2022. Hukubali DDR5 tu. Ryzen 5 7600 ya viini sita ilitoka Januari 2023, huja na feni yake, na huweza kutoa picha ndogo hata kabla hujapata kadi. Ghali yake si kichakataji chenyewe, bali ubao na kumbukumbu. Fadhila yake ni umri: AMD ilitangaza mwaka 2024 kwamba itaiendeleza soketi hiyo mpaka mwaka 2027 na kuendelea.

KOMPYUTA ZA OFISI

Wako watakaosema, "Kwa nini taabu yote hiyo? Nitanunua kompyuta ya ofisi kutoka ng'ambo, iliyotumika, niitie kadi ya picha." Njia hii si mbaya kwa mwenye haja ya haraka, lakini ina miiba. Nyingi ya mashine hizo zina kifaa cha umeme chenye plagi za namna yake na nguvu kidogo, hivyo kadi kubwa haipati chakula. Tena Windows 10 iliacha kupewa matengenezo ya kawaida Oktoba 2025, na Windows 11 haivikubali rasmi vichakataji vya Intel vilivyotangulia kizazi cha 8, isipokuwa vichache mno. Rahisi huwa ghali.

HESABU YENYEWE

Tuchukue vijana watatu. Wa kwanza ana fedha kidogo, skrini yake huonyesha picha 60 kwa sekunde, naye hatarajii fedha nyingine kwa miaka mitatu minne. Huyu umri wa soketi haumsaidii kitu, kwa kuwa hatapanda. Na achukue Ryzen 5 5600 au Core i5-12400F yenye ubao wa DDR4, seti iliyo nafuu siku hiyo, na kila shilingi iliyobaki aitie kwenye kadi ya picha. Kadi ndiyo ichorayo mchezo. Kichakataji chenye uwezo wa kuandaa picha 150 kwa sekunde, kikiwa na kadi inayoweza 50, kitakaa kikingoja.

Wa pili tayari ana ubao wa AM4 na kumbukumbu za DDR4, ila kichakataji chake kimechoka. Huyu asihame. Abadilishe bayosi, atie kichakataji kipya, na kazi imekwisha. Mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya kumbukumbu ilipanda vikali duniani, kwa sababu viwanda vilielekeza kazi yao kwenye mitambo ya akili bandia. Aliye na kumbukumbu mkononi ana mali. Asiache mbachao kwa msala upitao.

Wa tatu anaanza mwanzo, lakini kazi ipo na kila mwaka ataweka kitu. Huyu ndiye wa AM5. Anunue ubao wa kawaida usio na mapambo na kichakataji cha viini sita, kisha baadaye apande bila kubomoa. Leo atalipa zaidi, kesho atalipa mara moja tu.

UKIENDA DUKANI

Ukinunua cha AM4 kilichotumika, geuza kichakataji uzitazame pini zake. Ni 1331, na ziko chini ya kichakataji chenyewe. Hata moja iliyolala ni balaa. Kwa LGA1700 na AM5 pini zimo ndani ya soketi ya ubao, basi huko ndiko kwa kutazama, tena kwa tochi. Uliza bayosi ya ubao ni ya tarehe gani, kwani ubao wa zamani wenye bayosi ya zamani hautakitambua kichakataji kipya. Nunua vipande viwili vya kumbukumbu badala ya kimoja kikubwa, maana viwili hupishana kazi na mchezo ukaenda kwa wepesi. Na usibane kifaa cha umeme. Kikilipuka, hakifi peke yake.

Mwisho, andika bei zote kwenye karatasi kabla ya kutoa hata senti: kichakataji, ubao na kumbukumbu pamoja, kama kitu kimoja. Muuzaji atakutajia bei ya kichakataji peke yake, kwa kuwa ndiyo tamu kusikiza. Wewe mwambie akutajie ya ukoo mzima.