Spika ya Katikati Ndiyo Inayosema

Jioni mmekaa mnatazama filamu. Mzee mmoja kwenye picha anamwambia mwanawe neno zito. Babu anauliza, "Kasema nini?" Mnaongeza sauti. Mara gari linalipuka, na mtoto aliyelala anashtuka na kulia. Mnapunguza sauti, maneno nayo yanapotea tena. Mwisho babu ananyamaza, anatazama picha tu.

Wengi tunasema masikio ya babu yamechoka. Pengine ni kweli. Lakini mara nyingi kosa liko kwenye spika moja, ile ya katikati. Leo tuieleze, maana fedha ya kununua seti ya sinema ya nyumbani si ndogo. Hutoka kwenye pamba, mahindi au mbuzi.

KAZI YAKE
Seti nyingi huandikwa 5.1. Maana yake ni spika tano na sabufa moja. Spika ya kushoto na ya kulia hutoa hasa muziki na vishindo. Mbili za pembeni au za nyuma hutoa sauti za mazingira, kama mvua. Sabufa hutoa mngurumo. Spika ya katikati, inayokaa karibu na TV, hubeba sehemu kubwa ya mazungumzo. Kama hiyo ni mbovu, hata sabufa iwe kubwa kama pipa, maneno hamtayasikia vizuri.

Je, spika mbili hazitoshi? Ukikaa katikati yake, unasikia maneno kama yanatoka kwenye picha. Ukikaa upande mmoja, yanahamia kwenye spika iliyo karibu nawe. Jambo hili si geni kwa wataalamu. Mwaka 1933 maabara ya Bell ya Marekani ilipeleka kwa waya muziki uliopigwa Philadelphia, ukasikika Washington. Walitumia njia tatu za sauti: kushoto, katikati na kulia. Majumba ya sinema nayo huweka spika nyuma ya pazia lenye matundu madogo, ili sauti itoke pale alipo msemaji.

Basi, kama chumba ni chembamba na watazamaji ni wawili watatu, spika mbili nzuri zinatosha. Mkiwa wengi, hadi wengine wanakaa pembeni, hapo ya katikati inahitajika.

KABLA YA KUNUNUA
Kwanza jaribuni mliyo nayo. Itoeni kabatini, ikae ukingoni mwa meza, uso wake uelekee masikio ya watu. Kisha tafuteni kwenye mashine mahali pa kuongeza sauti ya spika hiyo peke yake. Mara nyingi huonyeshwa kwa herufi C. Ongezeni kidogo kidogo. Huenda tatizo likaisha bila kutoa hata senti.

DUKANI
Mkiona lazima mnunue, angalieni mambo haya:

1. Iwe ndugu wa spika za kushoto na kulia, yaani ya kampuni ile ile na aina ile ile. La sivyo mtu akitembea kwenye picha, sauti yake itabadilika njiani kana kwamba ni watu wawili.

2. Msidanganywe na wati. Utaona boksi limeandikwa wati 5,000 PMPO. Geuza mashine, usome kibandiko cha nyuma. Kama inavuta wati 100 tu za umeme, hizo 5,000 itazitoa wapi mfululizo? Tafuta herufi RMS, ndizo zenye ukweli zaidi. Tena wati ni nguvu, si usafi wa maneno.

3. Soma omu. Kama amplifaya imeandikwa omu 6 hadi 16, usiipe spika ya omu 4. Inaweza kupata moto na kuharibika.

4. Angalia ilivyopangwa ndani. Spika nyingi hulala, zina koni mbili na kijispika cha sauti nyembamba katikati yake. Aliyekaa mbele yake husikia vizuri. Aliyekaa pembeni anaweza kukosa baadhi ya maneno, kwa sababu sauti za koni mbili hazimfikii kwa wakati mmoja. Kama watu hukaa kwa kutawanyika, ni bora kijispika kiwe juu ya koni, si kando yake.

5. Sikiliza kwanza. Mwombe muuzaji aweke filamu yenye sauti ya 5.1, maana redio na vipindi vingi hutumia njia mbili tu. Chagua mahali watu wanapozungumza, si penye mabomu. Fumba macho. Kisha sogea pembeni, usikilize tena. Kama maneno hayaeleweki dukani, nyumbani hayatakuwa mazuri zaidi.

Muuzaji anaweza kuudhika mkisoma vibandiko kimoja kimoja. Msione haya. Tulijifunza kusoma na kuhesabu ili mtu asitusomee boksi apendavyo yeye. Na mkienda dukani, mchukueni babu. Yeye akisikia kila neno, basi nyumba nzima itasikia.