Rimoti ya LUKU Inapogoma: Hatua za Kufuata Kabla ya Kuita Fundi

Chukua mfano wa nyumba yenye wapangaji watatu wanaotumia mita moja. Ni saa mbili usiku na uniti zimekwisha. Mmoja wao amenunua umeme wa shilingi 10,000 kwa simu, na ujumbe wenye tarakimu 20 umekwisha kuingia. Anachukua kifaa cha kuingizia namba, anabonyeza, kioo hakionyeshi kitu. Anabonyeza tena, giza ni lile lile. Ndipo maneno yanapoanza. Huyu anasema mita imeungua, yule anasema fedha zimeliwa na mtandao, na wa tatu anataka aitwe kijana wa mtaani anayejua kupanda nguzo na kuunga umeme moja kwa moja.

Katika hali kama hiyo fedha huwa hazijapotea, na mara nyingi mita ni nzima. Kinachokosekana ni kimoja kati ya vitu viwili: ama rimoti haipati nguvu ya umeme, ama nguvu inapata lakini haiwasiliani na mita. Mkazi anayeweza kutenganisha mambo haya mawili atatatua tatizo mwenyewe mara nyingi, na pale asipoweza, atamweleza mtoa huduma jambo linaloeleweka. Makala haya yanaeleza hatua hizo kwa utaratibu, pamoja na mahali ambapo mkono wa mkazi unapaswa kuishia.

Mita iko nje, rimoti iko ndani

LUKU ni kifupi cha Lipa Umeme Kadri Utumiavyo. Mita za awali zilifungwa ukutani zikiwa na vitufe vyake zenyewe, hivyo mteja aliingiza namba kwenye mita moja kwa moja. Katika nyumba nyingi zilizounganishwa miaka ya karibuni, mita hufungwa juu ya nguzo au nje ya nyumba, na mteja hukabidhiwa kifaa kidogo chenye vitufe na kioo, ambacho wengi tumezoea kukiita rimoti.

Ni muhimu kufahamu kwamba rimoti haipimi umeme wala haihifadhi uniti. Uniti zimo ndani ya mita. Rimoti ni mjumbe tu: hupeleka namba kwenye mita na kurudisha jibu. Kwa hiyo rimoti ikianguka, ikilowa au ikipotea, uniti zilizokuwamo zinabaki salama.

Mjumbe huyu husafiri kwa njia moja kati ya tatu, kulingana na aina ya mita. Rimoti yenye plagi huchomekwa kwenye soketi na kutuma ishara kupitia nyaya zilezile za umeme wa nyumba. Rimoti isiyo na plagi hutumia mawimbi ya redio. Aina ya tatu, ambayo si ya kawaida sana, huunganishwa na mita kwa waya mwembamba wa mawasiliano. Angalia ya kwako ni ipi, kwa kuwa tiba ya moja si tiba ya nyingine.

Hatua ya kwanza: je, rimoti ina nguvu?

Anza kwa kutazama nje. Ikiwa nyumba za jirani nazo ziko gizani, huenda umeme umekatika eneo zima na rimoti haina kosa.

Ikiwa jirani ana umeme na wewe huna, na kioo cha rimoti hakiwaki, tazama betri. Hapa ndipo wengi hukwama. Uniti zinapokwisha, mita hukata umeme wa nyumba nzima, ikiwemo soketi ambayo rimoti imechomekwa. Rimoti iliyozoea kuwaka kwa umeme wa soketi hubaki bila chakula, na ndiyo sababu aina nyingi zimewekewa nafasi ya betri kavu nyuma yake. Betri hizo hazina kazi siku za kawaida. Kazi yao ni usiku ule ambao uniti zimekwisha.

Weka betri mpya za ukubwa ule ule, ukizingatia alama za kujumlisha na kutoa. Usichanganye mpya na zilizotumika. Ukikuta unga mweupe au wa kijani kwenye vibati vinavyogusa betri, hiyo ni dalili kwamba betri za zamani zilivuja. Futa kwa kitambaa kikavu hadi bati lionekane. Kioo kikiwaka kisha kikafifia mara unapobonyeza kitufe, betri ni dhaifu hata kama bado zinaendesha saa ya ukutani.

Ikiwa bado hakuna kitu, rimoti yenye plagi inaweza kupimwa kwa jirani mwenye umeme. Ichomeke kwenye soketi yake na utazame kama kioo kinawaka, basi. Usiingize namba huko. Ikiwaka, rimoti ni nzima na shida iko kwenye betri au kwenye soketi ya kwako. Isipowaka kabisa, huenda imekufa na inahitaji kubadilishwa na TANESCO.

Hatua ya pili: je, rimoti inawasiliana na mita?

Dalili za tatizo hili ni tofauti. Kioo kinawaka vizuri na tarakimu zinaandikika, lakini ukibonyeza kitufe cha kuingiza, jibu halirudi, au kioo kinatoa ujumbe wa kukosa mawasiliano.

Kwa rimoti yenye plagi, kumbuka kwamba barabara yake ni nyaya za nyumba. Ikiwa swichi kuu imezimwa, barabara imefungwa. Wakazi wengi huzima swichi kuu uniti zinapokwisha ili kulinda friji na televisheni, kisha husahau kuiwasha wanapoingiza namba. Iwashe kwanza, pamoja na swichi ndogo ya mkondo wa soketi unayotumia. Ukitaka kulinda vyombo, chomoa plagi zake badala ya kuzima swichi kuu.

Kuchomoa vyombo kuna faida ya pili. Chaja, televisheni na baadhi ya taa hutia kelele kwenye nyaya, na ishara dogo ya rimoti humezwa kama sauti ya mtu anayezungumza kando ya mashine ya kusaga. Chomoa kila kitu, kisha uchomeke rimoti kwenye soketi ya ukutani iliyo karibu na swichi kuu. Usipitishe kwenye soketi ya kurefushia. Subiri dakika chache, halafu ujaribu tena.

Nyumba zenye jenereta au umeme wa jua wenye kibadilishi zina mtego wake. Rimoti ikichomekwa kwenye soketi inayolishwa na chanzo hicho, kioo kitawaka bila shida, lakini ishara haitafika kwenye mita kwa sababu nyumba imetengwa na laini ya TANESCO. Zima chanzo hicho na urudishe swichi ya kubadilishia upande wa TANESCO kabla ya kuingiza namba.

Kwa rimoti ya redio, jambo kubwa ni umbali na vizuizi. Toka nayo nje, sogea upande wa nguzo, na usiitumie nyuma ya mlango wa chuma wala kando ya friji. Kwa rimoti ya waya, kagua kwa macho tu kama waya umekatika au umeliwa na panya. Usiuunge mwenyewe; toa taarifa.

Jambo la mwisho katika hatua hii ni utambulisho. Kila rimoti huunganishwa na namba ya mita yake, ambayo kwa kawaida ina tarakimu 11. Baadhi hupoteza utambulisho huo zikikaa muda mrefu bila nguvu, na nyumba zenye mita zaidi ya moja hutokea rimoti zikabadilishana wenyewe. Linganisha namba ya mita inayoonekana kwenye kioo au kwenye kibandiko na ile iliyo katika ujumbe wa malipo. Zikitofautiana, usibahatishe vitufe, kwa kuwa utaratibu wa kuunganisha hutofautiana kati ya aina na aina. Piga simu uelekezwe.

Hatua ya tatu: mita inajibu, lakini inakataa namba

Ikiwa jibu linarudi na ni la kukataa, basi nguvu ipo na mawasiliano yapo. Lililobaki ni namba zenyewe. Zisome upya kwa mafungu ya tarakimu nne nne, mtu mmoja akisoma na mwingine akibonyeza. Hakikisha namba ya mita uliyoandika wakati wa kulipa ni ya mita hiyo. Kumbuka pia kwamba namba iliyokwisha kutumika haikubaliki mara ya pili, na kwamba baadhi ya mita hujifunga kwa muda zikiingiziwa namba zenye makosa mara nyingi mfululizo. Ukiona imekataa mara tatu, ipumzishe.

Mwaka 2024 wateja wengi nchini waliliona jambo hili kwa sura nyingine. Mita za malipo ya awali za mfumo unaotumika katika nchi nyingi duniani huzitambua namba kwa kuhesabu dakika tangu tarehe 1 Januari 1993, na nafasi ya kuhesabu ni dakika 16,777,216 pekee. Nafasi hiyo ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024. Kabla ya hapo TANESCO iliwapa wateja makundi matatu ya tarakimu 20: mawili ya kwanza ya kuiboresha mita, na la tatu lenye uniti. Aliyeruka kundi la kwanza na kuingiza la tatu alikataliwa, akadhani mita imeharibika. Ikiwa unarudi kwenye nyumba iliyokaa tupu tangu kabla ya tarehe hiyo, au umetunza namba za zamani ambazo hukuziingiza, wasiliana na TANESCO kwanza.

Namba zimeingia, lakini uniti ni chache

Hili si tatizo la kifaa, ingawa mara nyingi hulaumiwa kifaa. Soma ujumbe wa malipo hadi mwisho. Ndani yake huonyeshwa makato: kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 3 ya REA, asilimia 1 ya EWURA, deni kama lipo, na kodi ya majengo.

Kodi ya majengo ilianza kukusanywa kupitia LUKU mwaka 2021. Tangu Julai 2023 kiwango cha nyumba ya kawaida ni shilingi 1,500 kwa mwezi, sawa na 18,000 kwa mwaka. Asiyenunua umeme kwa miezi mitatu hukuta shilingi 4,500 zimekatwa kwa pamoja. Wajibu wa kodi hii ni wa mwenye jengo, hivyo mpangaji anayenunua umeme azungumze na mwenye nyumba wake jinsi ya kurejeshewa. Nyumba moja yenye mita kadhaa isikatwe kwa kila mita. Ukiona hivyo, fika TRA ukiwa na namba za mita zote.

Mahali pa kuishia

Kila kilichoelezwa hapo juu kinafanyika ndani ya nyumba, kwa mikono mikavu, bila kufungua kifuniko chochote zaidi ya kile cha betri. Mita na laini iliyo nguzoni ni mali ya TANESCO. Kuichezea mita au kuunga umeme bila kupita kwenye mita ni kosa chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008. Zaidi ya kosa, ni hatari ya kufa kwa anayepanda na kwa watoto watakaolala chini ya paa la bati lililoguswa na waya ulioungwa gizani. Nyaya za ndani ya nyumba ni za mmiliki, lakini nazo hurekebishwa na fundi mwenye leseni ya EWURA.

Ipo dalili moja isiyosubiri majaribio. Taa zikianza kung'aa kupita kawaida katika chumba kimoja na kufifia katika kingine, au friji ikinguruma isivyo kawaida, huenda waya wa nyutro umelegea na umeme umetoka kwenye kiwango chake cha volti 230. Hapo zima swichi kuu mara moja, chomoa vyombo, na utoe taarifa. Fanya vivyo hivyo ukisikia harufu ya kuungua au ukiona cheche kwenye nguzo.

Kabla ya kupiga simu

Huduma kwa wateja ya TANESCO inapatikana kwa namba 180 bila malipo. Unapopiga, uwe na namba ya mita, ujumbe wa malipo, maneno yaliyoonekana kwenye kioo jinsi yalivyo, na jibu la maswali mawili: rimoti inawaka? Inajibu? Kauli ya kwamba “umeme umegoma” humlazimu mhudumu aanze mwanzo. Kauli ya kwamba “rimoti inawaka, betri ni mpya, swichi kuu iko juu, lakini haipati jibu kutoka kwenye mita” humwelekeza moja kwa moja kwenye tatizo. Omba namba ya taarifa na uitunze. Usiporidhika na huduma baada ya kufuatilia TANESCO, una haki ya kupeleka lalamiko EWURA.

Kwa nyumba za wapangaji, mambo matatu yatazuia ugomvi mwingi. Rimoti iwekwe mahali ambapo kila mpangaji anafika, isifungiwe chumbani kwa mtu aliyesafiri. Namba ya mita iandikwe ukutani karibu na swichi kuu. Na jozi ya betri mpya inunuliwe kwa mchango wa wote, iwekwe pamoja na rimoti, na isiguswe kwa ajili ya tochi wala redio hadi usiku ambao uniti zitakwisha.