Nguzo za Lukafu zinazokimbiza gari

Picha yenyewe inaenea kwenye kiganja. Gari jeupe la arusi, utepe mwekundu kwenye boneti, linakata barabara ya Lukafu mchana wa kiangazi, vumbi jekundu likitimka nyuma yake. Gari limesimama sawasawa, namba yake inasomeka. Ila nguzo za umeme zilizo nyuma yake zimeinama, zote, kuelekea kule gari linakokwenda. Ukuta wa matofali umeinama nazo. Mtoto aliyekalia ukuta ule ameinama pia, kichwa mbele, miguu nyuma, kana kwamba mtaa mzima umeamua kulikimbiza lile gari.

Niliikuta mezani kwenye studio nilikokwenda kupigwa picha za pasipoti. Picha zangu zilikuwa tayari kwa dakika kumi. Mimi niliondoka jua likizama.

Mwenye studio hataki jina lake liandikwe, kwa hiyo nitamwita Papa, kama wateja wake wanavyomwita. Aliponiona nimeishikilia ile picha, alidhani naja na lawama zilezile.

“Mama, na wewe unaona nimekosea?”

Mama wa bibi arusi aliikataa. Aliuliza kama mpiga picha alikuwa amekunywa. Alitaka nguzo zinyooshwe au picha itupwe, na Papa, ambaye anaishi kwa kupiga arusi na picha za pasipoti, alimpa nyingine iliyopigwa gari likiwa limeegeshwa mbele ya kanisa. Hii aliyoikataa hakuitupa.

Kunieleza kilichotokea, alichukua bahasha kuukuu, akakata ndani yake ufa mwembamba kwa wembe. Akaulaza ufa juu ya kalenda ya ukutani, akaanza kuushusha polepole, huku mkono wa pili ukiivuta kalenda kwenda kushoto. Akaniambia nitazame kupitia ufa tu, nikumbuke kila ninachokiona na mahali nilipokiona. Mstari uliokuwa wima kwenye kalenda ukajichora kichwani mwangu ukiwa umelala.

Hivyo ndivyo simu inavyoona. Haipokei picha nzima kwa mara moja. Inasoma mstari baada ya mstari, juu kwenda chini, mfano wa mtu anayesoma barua. Papa alikuwa analifuata gari kwa simu yake aliyoilaza, kwa hiyo kila mstari ulilikuta gari palepale. Nguzo hazikufuatwa na mtu. Mstari wa kwanza ulikikuta kichwa cha nguzo hapa, na ulipofika mstari wa mwisho, shina la nguzo lilikuwa limeachwa nyuma. Angeishika simu bila kuisogeza, nguzo zingesimama wima na gari ndilo lingeinama.

Halafu akanionyesha jambo ambalo sijalimaliza mpaka leo. Ukiigeuza simu, juu ikawa chini, inaanza kusoma barua kutokea mwisho. Nguzo zilezile, gari lilelile, mtaa uleule, na sasa nguzo zinaangukia nyuma kama zimeshtuka. Ukiisimamisha wima, haziinami kabisa: gari lililotulia ndani ya picha linabaki na urefu wake, ila mtaa nyuma yake unajibana au kutanuka, kutegemea simu inasoma kutoka upande upi. Gari nalo, usipolifuata, linarefuka kama basi au linafupika kama kiatu.

Papa hakujua kwamba ana ndugu Ufaransa. Nilimsimulia habari za Jacques Henri Lartigue, kijana ambaye hakuwa ametimiza miaka 20 alipopiga gari la mashindano likipita mbele yake. Kwa miaka mingi picha ile iliandikwa kuwa ya 1912, baadaye ikajulikana ni ya 1913. Kamera yake ilikuwa na kipazia chenye ufa unaoshuka juu ya bamba la kioo, na kwa kuwa ndani ya kamera dunia imepinduliwa, magurudumu yalipigwa kwanza, vichwa vya watu mwisho. Alikuwa akilifuata gari, nalo likamshinda mkono. Gurudumu likawa yai lililoinamia mbele, watazamaji wakalalia nyuma. Inasemwa yeye mwenyewe aliihesabu kuwa imeharibika. Ulimwengu ulimjua 1963, picha zake zilipotundikwa kwenye jumba la makumbusho la sanaa ya kisasa, New York, akiwa na miaka 69.

Nilimtolea ile picha kwenye simu yangu. Aliikazia macho kwa muda mrefu. “Watu wake wanarudi nyuma,” akasema. “Wangu wanafuata.”

Hapa kwetu Kongo hakuna uwanja wa mbio anaoujua wa kujifunzia. Aliwahi kuvuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda Ndola, Zambia, kutazama rali, upande uliomlea Satwant Singh, bingwa wa Afrika mara 8, na huko aliona wapiga picha wakizunguka na viuno. Ndoto yake ni Naivasha, Kenya, kwenye rali ya Safari, iliyorudi katika ubingwa wa dunia 2021. Mpiga picha Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza kuipiga Safari akiwa bado mwanafunzi. Papa yeye anajifunzia kwa misafara ya arusi, na malori ya shaba.

Kiuno, anasisitiza. Miguu inatazama pale gari litakapopita, kiuno kinajikunja kulipokea linakotokea, kisha kinafunguka nalo. Unabonyeza katikati ya mzunguko na huachi kuzunguka. Wengi husimama mara tu wanapobonyeza, na hapo ndipo foto inapokufa. Kwa kamera yake kubwa anapenda sehemu moja ya 60 ya sekunde. Gari la kilomita 100 kwa saa linakwenda karibu nusu mita katika muda huo, hivyo usipolifuata linakuwa moshi. Kwa sehemu moja ya 1,000 linasogea karibu sentimita 3 tu: kila kitu kinakaa wazi, magurudumu yanaonekana yamefungwa breki. Picha za namna hiyo anaziita za gereji.

Basi ipi ni kweli, nilimuuliza: ya gereji, au hii yenye nguzo zinazokimbia?

Alikuwa hajajibu honi ziliposikika barabarani, nyingi, zikija kwa kasi. Alinyakua simu, akatoka hadi ukingoni mwa lami, akapanga miguu. Kutoka mlangoni nilimwona akiigeuza simu, akairudisha, akaigeuza tena. Gari la kwanza lilikuwa limeshafika.