Sahani imejaa, hamu hakuna!
Shangazi yangu karudi Ibighi kutoka Ocean Road, Dar, baada ya dripu za kansa. Ndizi hazitaki; mboga ikinukia tu, anageukia ukutani. Wageni nao: "Kula basi!" Jamani, mnamzidishia kero!

Ndugu msomaji, dawa zile hugeuza ladha. Kijiko cha chuma akasema kama analamba msumari, tukampa cha mti. Chakula tunakiacha kipoe, harufu ipungue. Sahani kubwa marufuku: uji wa maziwa yaliyochemka vizuri, kidogo kidogo, kila baada ya saa mbili. Na parachichi, Rungwe tumejaliwa! Kipande kidogo, nguvu tele.

Kilo zikiporomoka sana, daktari anaweza kuahirisha dozi. Kichefuchefu kina vidonge vyake, ulizieni.

Jana kaomba mwenyewe nusu parachichi. Na chumvi.