INJINI KUUKUU YA KISIMA: YAFAA IPIMWE KABLA YA KUTUPWA

Katika tambarare za Kaputiei, tangu Kitengela kupita Isinya mpaka Kajiado, mito ni michache, na maji mengi ya watu na ya mifugo hutolewa chini ya ardhi kwa visima virefu. Siku hizi visima kadha wa kadha vimetiwa pampu za nguvu za jua, lakini injini kuukuu za dizeli zingalipo. Injini ya namna hiyo ikikataa kuwaka wakati wa kiangazi, si shida ya fundi peke yake. Walioona ukame wa tangu mwisho wa mwaka 2020 mpaka mapema mwaka 2023, ambao uliua mifugo mingi ya Kajiado, wanajua maana ya ng'ombe kufika kwenye birika na kulikuta kavu.

Mara nyingi hukumu hutolewa upesi: injini imekufa, watu wachange fedha inunuliwe nyingine. Lakini huenda imepungukiwa na kitu kimoja tu, yaani mgandamizo wa hewa, ambao mafundi huuita kompresheni.

Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Pistoni hupanda na kuibana hewa ndani ya silinda mpaka hewa hiyo iwe moto sana, kisha mafuta hunyunyizwa ndani yake na kuwaka yenyewe. Ndivyo ilivyokuwa injini ya Mjerumani Rudolf Diesel iliyofanya kazi vema mwaka 1897, na ndivyo ilivyo hata leo. Basi hewa ikipata mwanya wa kutoroka, joto halifiki, na mwenye kuzungusha hendeli atachoka bure.

Kipimo cha kwanza hakihitaji chombo. Funga mafuta. Injini za namna ya Lister, zilizotengenezwa Dursley huko Uingereza na kuigwa Rajkot huko India, zina wenzo mdogo wa kuachia hewa ili hendeli izunguke kwa wepesi. Ondoa hendeli, shusha wenzo huo, kisha lizungushe polepole lile gurudumu kubwa kwa mikono. Injini nzima itakataa, na gurudumu litarudi nyuma kama lililogonga mpira. Injini mbovu itapita kwa ulegevu, na ukisikiliza vizuri utasikia hewa ikifoka. Ikifokea kwenye bomba la moshi, valvu ya kutolea moshi haifungi. Ikifokea penye chujio la hewa, ni valvu ya kuingizia hewa. Ikitokea penye tundu la kutilia oili, ringi za pistoni zashukiwa. Mapovu katika maji ya kupozea injini huonyesha kwamba gasketi ya hedi imeungua au hedi imepasuka.

Ikiwa bado kuna shaka, fungua nozeli, tia oili kijiko kimoja ndani ya silinda, inua wenzo na uzungushe taratibu ili oili ienee; kisha rudisha nozeli na upime tena. Mgandamizo ukizidi, ringi zimechakaa au zimeganda, kwa maana oili imeziba nafasi zake kwa muda. Usipobadilika, tafuta kosa kwenye valvu au gasketi. Oili isizidi kijiko, kwa kuwa haibanwi kama hewa, na ikiwa nyingi yaweza kuvunja chuma.

Kabla ya kufungua hedi, tazama nafasi iliyo juu ya valvu. Ikibana mno, valvu haikai kitini pake, na dawa yake ni spana na dakika chache tu! Valvu iliyoungua kidogo husagwa kwa dawa ya kusagia mpaka ionekane duara ya kijivu isiyokatika. Oshea mbali dawa yote, kisha mimina mafuta ya taa katika tundu la valvu; yasipovuja, kazi ni njema. Gasketi kuukuu isirudishwe.

Ringi zilizoganda kwa masizi hulowekwa, na mifereo yake husafishwa kwa kipande cha ringi iliyovunjika. Ringi mpya yafaa iingizwe kwanza peke yake katika silinda, na mwanya wa ncha zake upimwe: kwa silinda ya upana wa milimita 100, mwanya wa milimita 0.3 hadi 0.4 ni wa kawaida, ila kitabu cha mtengenezaji kikisema vingine, kifuatwe. Ukipapasa juu ya silinda ukakuta ukingo mkubwa uliolika, ringi mpya ni fedha zilizotupwa. Silinda hiyo ipelekwe kwa wenye mashine ya kuchonga, au itiwe nyingine.

Adui mkubwa wa injini za nchi hii ni vumbi. Nyayo za ng'ombe wanaokuja kunywa hulitimua mchana kutwa, nalo likiingia silinda husaga ringi kama jiwe la kunolea kisu. Chujio lenye oili lifunguliwe kila juma wakati wa kiangazi, na oili iliyogeuka tope imwagwe. Bomba la kuvutia hewa likiwezekana lielekezwe mbali na birika, upande usiovumiwa na upepo wa vumbi.