Je, Wajua? Dhania ya Kumi na Mengine ya Daftari la Mapishi

Je, wajua kwamba mapishi mengi ya Eastlands huandikwa kwa shilingi? Fungua daftari jikoni Umoja, Kayole au Dandora: "dhania ya kumi, hoho ya ishirini, nyanya za thelathini, mafuta ya kupima ya hamsini." Gramu hazimo. Mizani ni mama mboga na mwenye duka, na kila mtu mtaani anajua fungu la kumi lina ukubwa gani. Taabu huja daftari likizeeka. Nyama ya hamsini iliyoandikwa miaka ya 1990 ilitosha sufuria ya familia. Ipeleke leo kwa mwenye bucha uone atakavyokuangalia. Kwa maoni yangu, anayeandika bei kwenye mapishi aandike na mwaka pembeni.

Je, wajua kwamba hata wa kale hawakupenda vipimo? Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kimehifadhi vibao vya udongo kutoka Babeli vya karibu miaka 3,700 iliyopita, vyenye mapishi ya mchuzi mmoja baada ya mwingine. Vimetaja nyama, vitunguu na viungo. Kiasi gani? Kwa sehemu kubwa, kimya. Mpishi alitarajiwa kujua mwenyewe.

Kikombe na kijiko vilivyosawazishwa juu vilipata umaarufu mwaka 1896, Fannie Farmer alipochapisha kitabu chake cha mapishi mjini Boston.

Je, wajua kwamba gorogoro ilianza maisha ikiwa mkebe wa kilo mbili wa mafuta ya kupikia? Mafuta yakaisha, mkebe ukabaki sokoni kupimia nafaka. Ukijazwa mahindi makavu unabeba kilo mbili na ushei, mradi muuzaji hajaubonyeza kitako kuelekea ndani. Ndiyo maana mapishi ya githeri yaliyoandikwa "gorogoro moja ya mahindi, nusu ya maharagwe" ni ya busara kuliko yanavyoonekana. Mkebe uwe umebonyezwa au la, ukipima vyote kwa huo huo mmoja, uwiano haubadiliki.

Je, wajua kwamba Nairobi ilipata kitabu chake cha mapishi mwaka 1928? Kilitungwa na chama cha wanawake wa kanisa la St. Andrew's, kwa ajili ya nyumba za walowezi. Majikoni humo, walioshika mwiko mara nyingi walikuwa wanaume Waafrika, na wao mapishi waliyabeba kichwani. Maendeleo ya Wanawake ilipoanzishwa mwaka 1952, vikundi vyake viliwafundisha akina mama upishi, ushonaji na malezi. Hapo pia, mengi yalishikwa kwa kutazama na kurudia.

Je, wajua ni daftari gani la mapishi ambalo wengi waliozaliwa miaka ya 1970 na 1980 wanalo bila kulinunua kwa kazi hiyo? La Sayansi Kimu. Mfumo wa 8-4-4 ulianza mwaka 1985 na kuwaingiza watoto wa shule ya msingi katika upishi wa vitendo: aproni, meza iliyopangwa, keki ya kuonjwa na mwalimu kwanza. Somo hilo liliondolewa kwenye mtihani wa KCPE mwanzoni mwa miaka ya 2000, lakini madaftari hayakutupwa. Nimeliona moja Buruburu, jedwali la kuzidisha nyuma, mapishi ya skonzi mbele, alama ya vema ya mwalimu bado nyekundu, na juu yake mkono wa mtu mzima umeandika: "sukari punguza."

Pakiti ya unga nayo ni maktaba. Nyingi za unga wa ngano zina mapishi ya chapati au mandazi mgongoni, na wapo wanaozikata kwa makasi na kuzibandika ndani ya mlango wa kabati. Maelekezo ya maji, hata hivyo, hakuna mpika chapo anayeyafuata. Huongeza kidogo kidogo hadi unga uache kushika vidole.

Je, wajua kwamba keki ya jiko haina nyuzi joto za kuandika? Sufuria ndogo huwekwa ndani ya kubwa yenye mchanga, kifuniko juu, makaa machache juu ya kifuniko. Mwandishi makini ataandika idadi ya makaa. Wengine huandika "moto wa kiasi" na kumwachia Mungu.

Je, wajua kwamba mboga moja inaweza kukaa katika kurasa nne? Mnavu wa Pwani ndio managu ya jirani wa Murang'a, osuga ya jirani wa Siaya, rinagu ya jirani wa Kisii, na wote wanaishi ploti moja. Ukitafuta kwa jina moja hutayapata mapishi ya wenzako. Afadhali umuulize mama mboga: atakuambia managu ichemshwe, maji machungu yamwagwe, itiwe maziwa na ilale, mrenda utiwe magadi kidogo. Ushauri huo haulipiwi, unakuja na mboga.

Kazi ya kuandika elimu hiyo imefanyika kitaifa pia. Kuanzia mwaka 2007, watafiti na jamii mbalimbali waliorodhesha mimea ya kiasili ipatayo 850 pamoja na majina yake ya kienyeji, wakaeleza pia jinsi mboga zinavyotumika na kuandaliwa. Mwaka 2021 UNESCO iliiweka juhudi hiyo ya Kenya kwenye rejista ya mifano bora ya kulinda urithi.

Je, wajua WhatsApp inavyomeza mapishi? Tangu Novemba 2020 mtu anaweza kuwasha ujumbe unaojifuta. Shangazi anatuma sauti ya dakika nne kuhusu pilau, msimamizi wa kikundi amewasha siku saba, na wiki ijayo iliki na mdalasini zimekwenda. Picha za skrini hudumu zaidi, ila jaribu kuitafuta moja kati ya risiti za M-Pesa na picha za harusi huku kitunguu kikiungua.

Mwisho, hesabu ya umati. Kilo moja ya mchele hulisha watu wanane hadi kumi, na mpishi wa chama anayeitwa kwenye harusi na matanga huanzia hapo anapoulizwa kuhusu wageni mia mbili. Daftari lake halina habari nyingi za viungo. Lina kilo, magunia ya makaa na orodha ya sufuria kubwa za chama: ipi iko kwa nani, tangu matanga ya nani, na nani anasema alisharudisha.