Usitafute Gesi ya Jokofu kwa Kiberiti

Siku hizi umeme umefika katika vijiji vingi, na jokofu si kitu cha mjini tu. Basi siku moja baridi hupungua, maziwa huchacha, na jirani husema: "Gesi imekwisha, ijazwe." Neno hilo tulipime kwanza.

Gesi ya jokofu si kama mafuta ya taa, haiungui ikaisha. Mtambo huisukuma ndani ya mabomba: huchukua joto la vyakula, hulitoa nje nyuma ya jokofu, kisha huzunguka tena. Gesi ile ile yaweza kufanya kazi miaka mingi. Ikipungua, imevuja. Na kuijaza bila kuziba tundu ni sawa na kutia maji katika mtungi uliopasuka.

Tundu hutafutwaje? Gesi iliyotumika sana zamani haikuwaka moto. Mwaka 1930 Thomas Midgley, Mmarekani aliyeivumbua pamoja na wenzake, aliivuta kifuani mbele ya wataalamu, akaipuliza na kuzima mshumaa. Mafundi waliitafuta kwa taa ya moto: palipovuja, mwali uligeuka kijani. Lakini ilionekana kwamba gesi hiyo huharibu ozoni, ngao yetu juu angani dhidi ya mionzi mikali ya jua. Kwa mapatano ya Montreal ya mwaka 1987, mataifa yakaanza kuiacha.

Majokofu mengi mapya ya nyumbani yana gesi nyingine, iitwayo R600a. Hii huwaka! Ni nzito kuliko hewa, hutulia chini sakafuni, na mara nyingi haina harufu. Moto uliomsaidia fundi wa zamani waweza leo kumwunguza yeye na nyumba yako.

Kwa hiyo, baba na mama, shikeni haya:

Soma karatasi iliyobandikwa kwenye jokofu. Jina la gesi limeandikwa hapo, na fundi asitie gesi nyingine.

Fundi mwema huzima mtambo, husukuma naitrojeni ndani ya mabomba, kisha hupaka povu la sabuni penye viungo. Povu likivimba, ndipo panapovuja. Asitumie oksijeni kamwe, maana ikikutana na mafuta ya mtambo hulipuka.

Usikwangue barafu kwa kisu. Bomba la ndani ni jembamba, na wengi wamelitoboa hivyo. Zima jokofu, barafu iyeyuke yenyewe.

Ukisikia mlio wa gesi ikitoka, fungua milango na madirisha, toa watoto nje, usiwashe moto, wala usiguse swichi.

Na kabla ya kulipa, mwulize fundi: "Umeona panavuja wapi?" Asipojua, usimlipe ajaze. Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.